Subira Tumemwachia Mama Peke Yake



 

Wapenzi wasomaji, leo nataka kusema juu ya jambo ambalo sisi walimu wa dini tumelikosea, na mimi ni mmojawapo. Katika mtaa wetu hapa Nyamirambo, Kigali, yuko mama mmoja mjane ambaye mwanawe alishikwa na maradhi ya akili akiwa na miaka ishirini na kitu. Alianza kusikia sauti, akawa halali usiku, akaona majirani wote wanamtega. Yaliyosemwa mnayajua: karogwa, kaingiwa na jini, marehemu baba yake alikula mali ya yatima, mama yake alimtamkia neno baya. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na katika sababu zote hizo haikuwamo hata moja iliyomfanya mtu abishe hodi pale nyumbani.

Mimi niliitwa kusoma. Nikasoma, nikamwandikia kombe, nikarudi wiki iliyofuata nikasoma tena. Hali ikawa ileile. Kila nikitoka nilimwambia yule mama, "Vuta subira mama, malipo yako yako kwa Mola wako." Siku moja akanijibu kwa upole kabisa: "Ustadhi, subira ninayo. Nisichokuwa nacho ni mtu wa kukaa naye masaa mawili nikanunue makaa."

Nilikaa kimya. Nilijua kwamba akienda sokoni alikuwa akifunga mlango kwa nje, na nilikuwa nimewasikia watu barazani wakisema anamfungia mtoto kama mbuzi. Waliosema hivyo nyumba zao ziko hatua chache kutoka pale. Nami nilikuwa nimenyamaza.

Ndugu zangu, tumejifunza tangu utotoni kwamba kumwosha maiti, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakifanya baadhi, wengine wamesamehewa. Wasipofanya wote, wote wana dhambi. Na Alhamdulillahi hilo tunalitekeleza. Akifa mtu Biryogo au Nyamirambo, kabla ya adhuhuri uwanja umejaa, sufuria zimewekwa jikoni, rambirambi zinakusanywa. Wanazuoni wamesema pia kwamba kumhudumia mgonjwa asiyejiweza ni katika faradhi hizo hizo za kifaya. Hiyo tumeiacha ikawa fardhi aini ya mama mmoja. Kijana yule angekufa, watu mia mbili wangekwenda kumzika. Akiwa hai, hapatikani wa kumshika mkono akaota jua.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.) habari ya mwanamke wa Madina aliyekuwa na kitu akilini mwake. Alimjia Mtume (S.A.W.) akasema ana haja naye. Mtume hakumwuliza amemkosea nani, wala hakuwaambia maswahaba wamwondoe. Alimwita kwa heshima, mama wa fulani, akamwachia achague njia anayoitaka, wakasimama njiani mbele za watu mpaka akamaliza haja yake. Nimeifundisha hadithi hii miaka mingi katika mlango wa unyenyekevu wa Mtume. Sikuwahi kuifundisha kama jambo la kutenda.

Tena nchi yetu si ngeni na maradhi ya nafsi. Baada ya 1994 kila mtu hapa analijua neno ihahamuka. Kila mwezi wa Aprili, wakati wa kumbukumbu, watu hulia na kuanguka, na wapo waliofundishwa kuwapokea, kuwatoa pembeni, kuwapa maji, kukaa nao. Pale hakuna anayesema ni laana. Basi huruma hiyo huenda wapi inapofika Septemba, na mgonjwa ni mtoto wa jirani anayezungumza peke yake barabarani? Huyo tunamwita umusazi, na watoto wetu wanamtupia mawe nasi tunaona.

Kuhusu dawa, naomba nieleweke vizuri. Kisomo ni haki na sijakiacha. Lakini Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliamrisha watu wajitibu, na Waislamu waliopita walilifahamu hilo: hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Kairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, wakilishwa na kutibiwa kwa mali ya wakfu. Sisi leo tunakwenda Ndera, hospitali iliyoanzishwa na mabruda wa Kikatoliki. Allah awalipe kwa wema wao, ila na sisi tujiulize wakfu wetu unafanya nini. Aliyemwonyesha yule mama njia ya kufika Ndera, kwanza kituo cha afya na kadi ya mituweli, kisha hospitali ya wilaya, alikuwa jirani yake asiye Mwislamu. Mimi nilikuwa bado naandika kombe.

Kijana alipata nafuu. Ramadhani ilipoingia akaacha vidonge ili afunge, mtu mmoja msikitini akamsifu kwa imani yake, na kabla ya Idi alikuwa amerudi pale pale. Jamani, mgonjwa ana ruhusa ya kula, iko ndani ya Qur'ani. Zipo hata dawa za maradhi haya ambazo maji yakipungua mwilini hugeuka kuwa hatari. Daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama, na sisi wasomaji tusimwambie mtu aache dawa. Na aliyepotewa na akili kalamu imeondolewa kwake. Iweje Allah amsamehe na baraza letu limhukumu?

Kwa walimu wenzangu nina neno moja. Niliwahi kumrudisha nyumbani mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa sababu alikuwa akipiga kelele darasani. Mama yake alimvalisha kanzu mpya siku ile. Sisi ndio tunaowahifadhisha watoto Suratu Abasa, iliyoshuka kwa ajili ya Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kutaka kujifunza. Baadaye yeye alikuwa mwadhini wa Mtume. Mtoto yule nilimfuata baada ya miezi, naye sasa huja Jumatano, hukaa karibu nami, na kelele bado anapiga.

Kwa yule mama tumeanza zamu. Tulikuwa sita, wawili wakaacha baada ya kijana kuwafokea, na sikuwalaumu, maana hata mimi aliwahi kunitoa nje. Zamu yangu ni Alhamisi baada ya alasiri. Siku nyingine hasemi neno. Siku nyingine tunacheza igisoro, na mara nyingi ananishinda. Mama huenda sokoni, na juzi alichelewa kurudi, akaniomba msamaha, kumbe alipitia kwa dada yake akalala usingizi kidogo.

Jumanne yuko mtu, Alhamisi nipo mimi, Ijumaa na Jumapili wapo. Jumamosi bado haina mtu.