Mji wa Wakristo Uliokataa Kuuza Pombe

Sisi watu wa Pwani tuliosomea chuoni, tukiulizwa kwa nini pombe isiuzwe mtaani kwetu, jawabu letu huwa ni neno moja tu: haramu. Neno hilo lamtosha aliyeamini, wala mimi sina la kulipunguza. Lakini mbele ya kamati ya leseni, ambako wameketi Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, na mwombaji amekuja na wakili wake na hesabu ya kazi atakazowapa vijana, neno hilo peke yake halifiki mbali. Mwenye baa atasema, "Hiyo ni dini yako, nami sikulazimishi unywe." Hapo wengi wetu hunyamaza, tukarudi barazani kunung'unika.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuwatazame watu waliolijibu neno hilo kwa njia nyingine. Si Waislamu. Ni Wakristo wa Marekani, wakaao katika mji mdogo wa pwani.

Mji huo ni Ocean City, kusini ya jimbo la New Jersey. Ni kisiwa kirefu chembamba. Upande mmoja bahari ya Atlantiki, upande wa pili ghuba. Mwaka 1879 wahubiri wa Kimethodisti, wakiwamo ndugu watatu wa ukoo wa Lake, yaani Ezra, James na Wesley, walikichukua kisiwa hicho wakakifanya mahali pa watu kupumzika pamoja na jamaa zao na kumwabudu Mungu. Ardhi wakaiuza kwa viwanja, na katika hati za viwanja wakatia sharti kwamba pombe haitauzwa hapo. Hata leo mji huo hauna baa wala duka la pombe. Wakaaji wake wa daima ni kiasi cha 11,000, na miezi ya joto hujaa wageni zaidi ya laki moja, nao huja na watoto wao.

Yafaa tuelewe vizuri kilichokatazwa. Mtu hakatazwi kunywa nyumbani mwake. Kilichokatazwa ni biashara.

Wamethodisti hao si wageni kwetu. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Ribe, nyuma ya Mombasa, tangu mwaka 1862. Kwa hivyo hoja zao ni za jirani wa zamani, na jirani husikilizwa.

Huenda Mwislamu akauliza: Mkristo hoja hii aitoa wapi, na hali Injili yasimulia arusi ya Kana ya Galilaya, ambapo maji yaligeuzwa kuwa divai, na Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake? Swali ni la haki. Mkristo hana aya iliyokata shauri kama ile ya Surat al-Maida. Kwa sababu hiyo amelazimika kujenga hoja jiwe juu ya jiwe, na hoja iliyojengwa hivyo ndiyo inayoweza kusimama mbele ya mtu wa kila dini.

Jiwe la kwanza liliwekwa na John Wesley, Mwingereza aliyeanzisha madhehebu hayo. Katika kanuni alizowatungia wafuasi wake mwaka 1743, aliwakataza kununua na kuuza vileo vikali, na kuvinywa isipokuwa kwa dharura kubwa. Na katika waadhi wake juu ya matumizi ya fedha, uliochapishwa mwaka 1760, alifundisha kwamba mtu ana ruhusa ya kuchuma, ila asichume kwa kumdhuru jirani yake katika mwili wake, mali yake wala roho yake. Wauzao vileo vikali kwa kila ajaye aliwahesabu kuwa watiaji sumu. Tazama alivyolenga: hakuanza na mlevi, alianza na muuzaji. Mlevi ni mgonjwa, na muuzaji ana akili zake timamu na daftari la hesabu.

Jiwe la pili limetoka kwa Paulo mwenyewe. Katika waraka wake kwa Warumi asema kwamba ni vyema mtu aache nyama, au divai, au kitu chochote kile, ikiwa kitamfanya ndugu yake ajikwae. Maana yake ni hii: huenda mimi nina nguvu, na gilasi moja hainiangushi; lakini jirani yangu ikamwangusha, pamoja na mke wake na watoto wake. Je, starehe yangu ina uzito kuliko nyumba yake? Nabii Habakuki naye amemtolea ole yule amnyweshaye jirani yake hata akalewa. Kwa hivyo anayesema "sikulazimishi unywe" hajajibu kitu, kwa sababu hoja haimhusu anayeweza kukataa. Yamhusu asiyeweza.

Jiwe la tatu liliwekwa na wanawake. Mwaka 1874, mjini Cleveland katika jimbo la Ohio, wanawake wa Kikristo waliunda chama chao cha kupinga pombe, na tangu mwaka 1879 mpaka alipokufa mwaka 1898 kiliongozwa na Frances Willard. Hao walisema juu ya nyumba zao: mshahara uliokwisha kabla haujafika jikoni, na mume arejeaye usiku wa manane na mkono mwepesi wa kupiga. Mwanamke wa Kisauni au wa Kaloleni hahitaji kutafsiriwa maneno hayo.

Kuna jambo jingine linalonipendeza katika kisa hiki. Kabla ya kuwaambia wenzao, walianza kwao. Mwaka 1869, mjini Vineland katika jimbo hilo hilo la New Jersey, Thomas Welch, daktari wa meno na Mmethodisti, alipata njia ya kuchemsha maji ya zabibu yasichachuke, ili hata kikombe cha ibada ya kanisa kisiwe na kileo ndani yake. Walisafisha madhabahu yao kwanza, ndipo wakaenda barazani.

Wapinzani nao wana lao. La kwanza husema: Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920, na Disemba 1933 ikaifuta marufuku hiyo kwa kushindwa. Ni kweli. Magendo yalishamiri, na majambazi wa Chicago wakatajirika. Lakini marufuku ya nchi nzima ilikuwa amri iliyomfikia aliyeitaka na asiyeitaka, na mji mdogo ulioamua wenyewe ni jambo jingine. Marufuku ya taifa ilipokufa mwaka 1933, Ocean City uliendelea na sharti lake, kwa kuwa sharti hilo lilikuwa la wakaaji wenyewe.

La pili husema kwamba huo ni unafiki, maana ukivuka daraja tu kuna mji wa Somers Point, na huko pombe huuzwa. Nalo ni kweli. Lakini sharti hilo halikuahidi kumgeuza mnywaji awe walii. Limemtaka avuke daraja, basi. Mtoto aendaye shule haipiti pombe mlangoni, na aliyekwisha tubu haikuti kila pembe ya njia. Hilo si jambo dogo kwa mwenye kupigana na nafsi yake.

La tatu ndilo tunalolisikia sana hapa kwetu: utalii. Mwaka 2012 wenye mikahawa ya Ocean City waliomba mteja aruhusiwe walau kuja na chupa yake, kwa hoja kwamba wageni wanakwenda kula miji ya jirani. Jambo likapigiwa kura, na waliokataa wakawazidi waliokubali zaidi ya mara mbili. Upande wa kaskazini, katika pwani hiyo hiyo, uko Atlantic City, uliochagua njia nyingine na kufungua kasino ya kwanza mwaka 1978. Mwaka 2014 pekee kasino nne zilifungwa huko. Sisemi kwamba pombe ndiyo iliyozifunga. Biashara ina sababu nyingi. Nasema tu kwamba asiyeuza pombe hafi njaa kwa lazima, na auzaye hatajiriki kwa lazima.

Jambo la mwisho kuhusu mji huo ndilo lenye somo kubwa. Zamani Ocean City ulikuwa na sheria za kufunga maduka Jumapili. Mwaka 1986 wakaaji wakaziondoa kwa kura zao. Sharti la pombe likabaki. Kwa nini moja lianguke na jingine lisimame? Naona ni kwa sababu Jumapili ni ibada ya Mkristo, na asiyekuwa Mkristo hana haja nayo. Lakini kumkinga mtoto na nyumba ni haja ya kila mtu. Kilichosimama ni kile kilichoweza kuelezwa kwa jirani.

Sasa turudi kwetu. Je, Mwislamu akitumia hoja ya madhara badala ya kusema haramu tu, ameiacha Qurani? Hasha. Katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu ametaja kwamba katika ulevi na kamari kuna dhambi kubwa na kuna manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Huo ni mizani. Na al-Maida ilipokataza moja kwa moja ilitoa sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa kumkumbuka Mungu na kusali. Maalim alitufundisha hukumu pamoja na sababu zake. Sisi tumeshika hukumu tukasahau sababu.

Tena tumesahau la muuzaji. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, imewataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Yumo abebaye, yumo auzaye, na yumo alaye thamani yake. Je, nyumba ngapi zenye mabaa katika miji yetu kodi yake yaingia mfukoni mwa mtu asaliye safu ya mbele? Mwenye nyumba asipoanza kwake kama Welch alivyoanza na kikombe cha kanisa, pingamizi letu litachekwa, na litastahili kuchekwa.

Nafasi ya kusema tunayo. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilimwekea mwananchi njia ya kupinga ombi la leseni, na tangu mwaka 2013 jambo hili limo mikononi mwa serikali za kaunti, yaani karibu na milango yetu. Rai yangu ni kwamba tusiende peke yetu. Imamu afuatane na padri na mchungaji, na wanawake wa mtaa watangulie, awe wa kanga au wa gauni la kwaya. Pingamizi liandikwe na litaje mambo ya kuonekana kwa macho: shule iko hatua ngapi kutoka mlangoni, njia ya watoto ni ipi, nyumba gani zimevunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jamii iliyolewa haujengwi kwa mwaka mmoja.

Haramu ibaki haramu. Lakini tunapokaa na jirani asiyeijua aya, tumweleze kwa lugha ya mtoto wake na wetu. Huenda tukamkuta kitambo yuko upande wetu, akingoja tu kuulizwa.