Shaba Iliyozikwa si Hasara



Kila hesabu ya kituo cha simu ya upepo iletwapo mezani, fungu lifutwalo kwanza ni la nyuzi za shaba zizikwazo chini ya mlingoti. Mlingoti huonekana, mtambo huonekana. Uzi uliofukiwa hauonwi na mkaguzi, basi huhesabiwa kuwa anasa. Mimi naiona desturi hiyo kuwa mbaya, na kwa kuwa makarani ndio waandikao hati za ununuzi, yatupasa kuijua sababu.

Mlingoti ni nusu tu ya kazi. Umeme uupandao hauna budi kurudi shinani kwa njia ya ardhi iliyouzunguka, na udongo ni njia mbovu: hula nguvu na kuzigeuza joto. Mlingoti wa robo ya wimbi una ukinzani wa omu 36 hivi wa kurusha mawimbi. Udongo ukiongeza omu 12, basi katika wati 1000 tulizozilipia, 250 zapasha ardhi joto. Mafuta ya mashine huteketea kila siku kwa faida ya mchwa.

Mwaka 1937 mabwana Brown, Lewis na Epstein wa kampuni ya RCA, Marekani, walichapisha majaribio yao. Walitandaza nyuzi kama miale ya jua kutoka shina la mlingoti, kuanzia 2 hata 113, wakipima. Nyuzi nyingi zilishinda. Na nyuzi 120 za robo ya wimbi zikawa desturi ya vituo vya mawimbi ya kati huko. Kwa wimbi la mita 300, kila uzi ni mita 75, jumla kilomita 9. Sikatai kwamba ni shaba nyingi.

Lakini asiye nayo yote asivute nyuzi chache ndefu, kama wafanyavyo wengi. Mwenye mita 1800 hufaidi zaidi kwa nyuzi 36 za mita 50 kuliko 12 za mita 150. Maana zikiwa chache, nafasi baina yao hupanuka upesi, umeme huingia udongoni, na ncha hukaa bure. Unene wa uzi si hoja kubwa. Kina cha sentimita chache chatosha. Na chuma kimoja kilichopigiliwa ardhini kwa ajili ya radi hakishiki nafasi ya nyuzi hizo, ijapokuwa nimesikia kikitetewa hivyo kwa sauti kuu.

Neno moja kwa watunza majalada: ramani ya nyuzi iwekwe jaladani siku ile ile zifukiwapo. Mlima bustani akizikata kwa jembe, pasiwe na mtu asiyejua pa kuchimba.