Kabla ya kuchagua shule, tembea njia ya mtoto

WIKI iliyopita nilikuwa Mikumi kwa mdogo wangu, na mada ya leo nimeibeba kutoka huko. Mwanawe, ambaye ananiita mama mkubwa, anatimiza miaka mitano na Januari anatakiwa kuanza darasa la awali. Nilikuta nyumba ina mvutano.

Baba mtoto, ambaye ni fundi wa magari, anataka shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu kwa sababu “inafaulisha”. Mama mtoto anataka shule ya karibu, ambayo kengele yake anaisikia akiwa jikoni. Majirani nao wana la kwao: mpelekeni kwa bibi yake Kilosa mjini, akasome kwa utulivu.

Najua wasomaji wengi mna mvutano kama huo sasa hivi, maana miezi hii ya mwisho wa mwaka ndiyo ya kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza. Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada, na wengi wetu tumejiambia kwamba bila ada hakuna cha kuchagua. Si kweli. Penye shule mbili au tatu kipo cha kuchagua, na makosa ya hapa mzazi huyalipa kwa miaka mingi.

Nilimwomba shemeji kitu kimoja: kabla ya kuzungumzia matokeo, twende kwa miguu hadi kwenye shule anayoitaka, saa ileile ambayo mtoto atakwenda, na mtoto mwenyewe tuwe naye. Saa 12 na robo asubuhi tukatoka.

Anayeijua Mikumi anaijua ile barabara. Ni barabara kuu ya kwenda Zambia, na inapita katikati ya mji. Malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo hayana asubuhi wala jioni. Tulisimama kusubiri. Lori likapita, nyuma yake jingine. Hapo mtoto akauachia mkono wangu, akainama kuokota kifuniko cha soda kilichokuwa pembezoni mwa lami. Shemeji alimdaka kwenye ukosi wa shati. Hakuna aliyesema neno hadi tulipofika ng'ambo.

Mtoto wa miaka mitano hana kosa hapo. Umri wake ndio ulivyo: akiona kitu kinachong'aa, lori halipo. Mzazi anaweza kumvusha wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu kuna gari la mteja linasubiri gereji, na mtoto anaambiwa aongozane na wenzake.

Shuleni tulipokewa vizuri. Shemeji alikuwa na matokeo ya darasa la saba kwenye simu, na kweli yalikuwa mazuri. Nikamuuliza mwalimu mkuu swali moja: nani anafundisha darasa la awali? Alijibu bila kuficha. Mwalimu wa awali alihama, na kwa sasa mwalimu wa darasa la pili ndiye anayeshika madarasa yote mawili kwa zamu.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo wengi tunapokosea. Matokeo ya darasa la saba yanakueleza habari za watoto walioanza shule miaka mingi iliyopita, wakafundishwa na walimu ambao pengine hawapo tena. Shule nyingi pia humweka mwalimu wao hodari zaidi darasa la mtihani, na kwa wadogo anabaki yeyote aliyepatikana. Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kutangaza orodha ya shule bora. Mwanao haendi darasa la saba Januari. Anakwenda kwenye chumba kimoja, kwa mwalimu mmoja, kujifunza kushika penseli, kusubiri zamu yake na kuipenda shule. Chumba hicho ndicho cha kwenda kukiona.

Kurudi, tukapita shule ya karibu. Nisiwadanganye, darasa la awali limejaa. Mwongozo wa serikali unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Mimi niliacha kuhesabu nilipofika 90. Wengi walikaa kwenye mikeka. Lakini mwalimu alikuwepo, na alikuwa wa darasa hilo tu. Aliita watoto kwa majina. Kila kikundi kilikuwa na vifuniko vya soda kwenye kopo, wakivihesabu na kuvipanga. Mtoto wetu alitoa kile chake mfukoni, akaenda kukaa na wenzake bila kuambiwa.

Nilikwenda pia nyuma ya madarasa kuangalia vyoo. Msione aibu kufanya hivyo. Kipimo kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Angalia kama mlango unafungika na kama maji yapo. Mtoto mdogo anayeogopa choo cha shule atajibana mchana kutwa, na baada ya muda ataanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Uliza pia habari za uji. Chakula cha shuleni kinategemea makubaliano na michango ya wazazi, kwa hiyo hutofautiana sana kati ya shule na shule.

Njia ya shule ya karibu nayo ina jambo lake. Jirani mmoja alituambia mahindi yanapokomaa tembo hutoka hifadhini na kupita upande ule wa bondeni, na wakati huo watoto hawaondoki nyumbani kabla jua halijachomoza. Maneno kama hayo huyapati kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Waulize wanaoishi njiani.

Ikabaki shauri la Kilosa. Kesho yake tukaenda kwa mama, takriban kilomita 70 kwa njia ya Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa. Nilidhani bibi atafurahi kuletewa mjukuu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Kumlisha nitamlisha na kumwogesha nitamwogesha. Daftari lake nani atalisoma? Macho yangu hayaoni. Na jioni atakapomtaka mama yake, nitampa nini?”

Akatukumbusha na mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu walipohama nyumba zao na reli ikakatika. Kwake, shule yoyote inayomlazimu mtoto kuvuka maji lazima ipimwe wakati wa masika. “Kiangazi,” alisema, “kila njia ni nzuri.”

Sisemi kulelewa na bibi ni kubaya. Wapo wasiokuwa na namna nyingine, na mimi mwenyewe miaka miwili ya shule nilikaa kwa bibi. Nilipendwa sana. Lakini hakuna aliyegundua kwamba nilikuwa sisomi, nilikariri tu, mpaka darasa la tatu. Kwa mtoto wa miaka mitano mwenye wazazi wake wote wawili, kumhamisha kwa ajili ya matokeo ya darasa la saba ni bei kubwa mno.

Usiku ule shemeji ndiye aliyesema: “Aende hapa karibu.” Mdogo wangu hakushangilia. Alijua wameichagua shule ya karibu pamoja na msongamano wake.

Kwa hiyo wamepangiana kazi. Kila jioni robo saa ya kusoma na mtoto, na baba anayo zamu yake. Mikutano ya wazazi hawataikosa, maana huko ndiko habari za madarasa, vyoo na uji huzungumzwa. Mchango wa chakula wakiukubali watautoa kwa wakati. Nanyi wasomaji mkumbuke, mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Ikitokea, nenda kwa mwalimu mkuu kwa heshima, ukishindwa nenda kwa afisa elimu kata. Cheti cha kuzaliwa kitaulizwa wakati wa kuandikisha. Kama hamjakipata, anzeni kukifuatilia sasa.

Na shemeji hajakata tamaa na shule yake ya ng'ambo. Mtoto akifika darasa la nne, akiwa anajua kuvuka barabara, watalizungumza upya. Nimeona ni busara, maana safari ni ndefu. Kwa sera ya sasa elimu ya lazima ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Shule inaweza kubadilishwa njiani, lakini mtoto aliyeichukia shule mapema ni kazi kumrudisha.

Wiki hii basi, kabla hujachukua fomu, amka mapema. Mshike mwanao mkono, mtembee njia yake saa yake. Ingia kwenye chumba atakachokaa, umsikilize mwalimu anavyowaita watoto. Matokeo utayasoma ukirudi nyumbani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.