GEGO LILILOVUNJIKA LISING'OLEWE KWA PUPA

Mkazi wa Garsen anayetaka kutengenezewa gego lililobomoka hana budi kufikiria nauli pamoja na jino. Akiamua kwenda Malindi, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na huenda akatakiwa kwenda mara mbili. Si ajabu basi wengine wakasema: ling'olewe, yaishe.

Lakini hayaishi. Magego ndiyo mawe yetu ya kusagia. Likitoka moja, majirani zake huanza kulalia pengo, na lile lililokuwa likikutana nalo hujisogeza likitafuta mwenziwe.

Tundu dogo huzibwa siku hiyo hiyo. Tundu likishakula sehemu kubwa ya gego, dawa ya kuziba hukosa ukuta wa kushikilia, na kuta nyembamba zilizosalia zaweza kupasuka kwa punje moja ya mahindi ya kuchoma. Hapo hufaa kipande kinachotengenezwa nje ya kinywa. Daktari hupiga ganzi, huondoa uozo na kulichonga jino. Kisha mgonjwa huuma kitu laini kinachoganda na kuchukua umbo la meno yake. Kwa kalibu hiyo, fundi wa meno hutengeneza kipande cha kauri au madini. Chaweza kujaza katikati tu, kufunika pembe zilizobomoka, au kulivika gego zima kama kofia. Siku ya pili hugandishwa mahali pake. Kliniki zenye mashine ya kompyuta ya kuchonga zaweza kumaliza yote kwa siku moja.

Kati ya safari hizo mbili, kwa kawaida wiki moja au mbili, jino huzibwa kwa dawa ya muda. Hapa ndipo watu wa mbali huponzwa: maumivu yamekwisha, fedha zimepungua, safari inaahirishwa. Au njia inafungika, kama mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipokata barabara ya Garsen na Lamu. Dawa hiyo ikitoka, uchafu huingia na jino laweza kupasuka hadi mzizini. Likifika hapo, kung'oa ndiyo tiba.

Kwa hiyo, kabla jino halijachongwa, uliza mambo matatu: Je, mizizi ni mizima? Gharama yote ni kiasi gani? Nirudi lini? Ukiweza, usipange safari hizo katikati ya masika au vuli.

Nanyi wazazi, kumbukeni kwamba gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wengi hulidhani la utoto, wakaliacha lioze. Litazameni, na mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gego hujengwa kwa fedha nyingi.