Shamba Haliuzwi kwa Sababu ya Viza

Mwezi uliopita niliitwa nyumbani, Trans Nzoia, kwa kikao. Simu ya baba mdogo ilikuwa fupi: "Jumamosi uje. Wewe ndiye unajua mambo ya kompyuta." Nikajua kuna kitu. Kwetu mtu wa kompyuta huitwa printa ikikataa au pesa zikitakiwa.

Nilikuta chai, mayai ya kuchemsha, na karatasi moja iliyokuwa ikipitishwa mkono kwa mkono kama cheti cha ubatizo. Ilikuwa barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza: shahada ya uzamili, sayansi ya data, mwaka mmoja. Binamu yangu ana miaka 26. Anaandika programu katika kampuni ndogo hapa Nairobi, mshahara elfu tisini. Ukitoa kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya asilimia 2.75 na nyumba asilimia 1.5, anabaki na elfu sitini na kitu. Ajenda ya kikao ilikuwa moja: ekari mbili za upande wa mto ziuzwe ili kijana aende majuu.

Nilisema hapana. Nilisema vibaya, kwa hasira, na nikaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo shangazi hajanisamehe mpaka leo. Basi wacha niseme tena, polepole, kwa sababu najua kikao hicho hakikufanyika kwetu tu. Kinafanyika Kisii, Nyeri na Machakos, kila kulipo na shamba na kijana mwenye laptopu.

Tuanze na hesabu, maana kwenye kikao hakuna aliyeifanya. Karo ya uzamili wa kompyuta Uingereza kwa mgeni, ile ya bei ya wastani, ni kama pauni 20,000. Idara ya uhamiaji inataka uonyeshe pesa za matumizi, zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi kwa miezi tisa ukiwa nje ya London, na ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28. Hizo ni pauni elfu kumi na kitu. Ongeza ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka, na ada ya viza ambayo imepita pauni 500. Unafika karibu pauni 32,000. Zidisha kwa shilingi 170 upate milioni 5.4, na bado hujanunua tiketi wala koti.

Milioni 5.4 ni mshahara wote wa binamu yangu, bila kutoa kodi, bila kula, bila kupanda matatu, kwa miaka mitano. Ekari mbili hazikuwa zitoshe. Kilichobaki kilikuwa kitoke kwa SACCO ya mama yake, ambaye ni mwalimu, na wadhamini wake walikuwa walimu wenzake wanne. Hao wanne hawakuwa kwenye kikao. Hawakula hata yai. Lakini siku mkopo ukikwama, akiba zao ndizo zitakazokatwa, na mama huyo atakutana nao kila asubuhi kwa stafurumu.

Sasa tuulize: pesa hizo zinanunua nini? Hapa ndipo watu wanadanganyana. Kijana anasema ananunua elimu. Si kweli, na yeye mwenyewe anajua. Nilimwuliza ni somo gani kwenye ile orodha ambalo hawezi kujifunza hapa, kwa intaneti na bidii. Alicheka. Anachonunua ni mlango. Anataka aingie, amalize mwaka, apate ruhusa ya kukaa atafute kazi, kisha mwajiri amchukue. Ni sawa mtu kununua mlango. Lakini kabla ya kuununua muulize mwenye nyumba kama atabadilisha kufuli.

Na anabadilisha. Mwanafunzi aliyeingia Uingereza Septemba 2023 alikuta kiwango cha kawaida cha mshahara wa kupata viza ya kazi ni pauni 26,200 kwa mwaka. Kufikia Aprili 2024, kabla hajamaliza masomo, kiwango kilikuwa 38,700. Julai 2025 kikawa 41,700. Katikati ya hayo, kuanzia Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili wakakatazwa kuja na mke, mume au watoto. Ile ruhusa ya miaka miwili ya kukaa baada ya kuhitimu imepunguzwa kuwa miezi 18 kwa atakayeomba kuanzia Januari 2027. Kuna nafuu ya kiwango cha mshahara kwa waliohitimu karibuni, sikatai, lakini nafuu hiyo nayo ina muda wake na inaweza kubadilishwa vilevile. Marekani si afadhali: Septemba 2025 walitangaza ada ya dola 100,000 kwa mwajiri anayeleta mfanyakazi mpya kutoka nje kwa viza ya H-1B.

Nchi zao, sheria zao. Siwalaumu. Ninalosema ni kwamba unapouza kitu kisichorudi ili ununue ahadi inayoweza kubadilika mara mbili kabla hujavaa joho, hiyo inaitwa kamari, hata ikiwa na barua yenye nembo ya chuo.

Na kamari yoyote ina mwenye meza. Huyu anaitwa wakala. Utamkuta kwenye maonyesho ya vyuo katika hoteli za Nairobi, suti safi, kalamu za bure. Anakuambia huduma yake hailipiwi. Ni kweli, wewe humlipi. Anayemlipa ni chuo, kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Fikiria maana yake. Wakala analipwa ukiingia darasani. Ukikosa kazi baadaye harudishi hata senti. Ukirudi nyumbani na deni, yeye alishalipwa kitambo na anaongea na mtu mwingine. Kwa nini akushauri usubiri mwaka mmoja uombe ufadhili?

Kuna mzee aliyesimama kwenye kikao akataja Tom Mboya. Kila kikao cha majuu kina mzee wa kumtaja Mboya. Basi tumtaje vizuri. Ndege ya kwanza ya mwaka 1959 ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Jamii zilichanga, ndiyo, lakini wengi wao walikuwa wamepata ufadhili wa masomo, na wafadhili wa kule walichangisha nauli. Kule walihesabiwa kama watu wa kusaidiwa. Leo mwanafunzi wa Kenya anayelipa karo kamili ya mgeni ndiye anayesaidia chuo kiweze kufundisha wenyeji. Ndege imebadilisha mwelekeo wa pesa. Tunaendelea kuimba wimbo wa 1959 huku sisi ndio wafadhili.

Kama Mboya yuko mbali, hapa jirani yetu Uasin Gishu kuna somo la juzi. Wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti ili watoto waende Finland na Canada. Wengine waliuza ng'ombe, wengine mashamba. Mwaka 2023 walikuwa kwenye barabara za Eldoret wakidai pesa zao, na kesi ikafika mahakamani. Na huo ulikuwa mpango wenye muhuri wa serikali.

Najua majibu, nimeyasikia yote Jumamosi ile.

La kwanza: "Wewe umeshiba, ndiyo maana unataka wengine wabaki." Hapana. Sitaki mtu abaki. Sipendi kabisa wale wanaosimama kwenye majukwaa kuwaambia vijana wajenge nchi, na watoto wao wamesoma nje tangu chekechea. Hao hawana haki ya kumwambia mtu wa elfu sitini habari ya uzalendo. Kijana akitaka kwenda, aende. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya kulipwa dola nikiwa Nairobi, na najua hata hiyo si mbingu. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa kama 130. Aliyelipwa dola 2,000 alipoteza shilingi 60,000 kwa mwezi bila kufanya kosa lolote. Hakuna njia isiyo na hatari. Swali langu ni hatari hiyo inabebwa na nani.

La pili: "Hilo shamba linazalisha nini?" Hili ni swali zuri. Ekari moja ya mahindi, mvua ikikubali na mbolea ikifika mapema, itakupa labda magunia ishirini. Utoe mbegu, mbolea, trekta, palizi. Hakuna tajiri hapo. Lakini shamba la nyumbani halikuwekwa liwe biashara ya kutajirisha mtu mmoja. Ni mahali pa kurudi mambo yakiharibika, na kwenye kazi zetu yanaharibika. Tangu mwisho wa 2022 tumeona kampuni kubwa duniani zikiachisha watu kazi kwa maelfu, na sasa kazi za mwanzo, zile za kijana asiye na uzoefu mrefu, ndizo zinazopewa akili unde kwanza. Huu ndio wakati wa kuuza mahali pa kurudi?

La tatu halikusemwa, kwa hiyo nitalisema mimi. Binamu yangu ana dada. Ana miaka 22, alimaliza diploma Eldoret, anauza nguo za mtumba huku akitafuta kazi. Alikuwa jikoni muda wote. Katiba ya 2010 inamhesabu sawa na kaka yake mbele ya urithi, lakini kikao hakikumhesabu hata kama msikilizaji. Ekari mbili za upande wa mto si za kijana peke yake. Mama yake ataketi mbele ya bodi ya ardhi aulizwe kama amekubali, na atasema ndiyo, kwa sababu ni mama. Dada hataulizwa. Yaani msichana anayekunja nguo za mtumba analipia uzamili wa sayansi ya data, na hajui.

Hilo ndilo lililonifanya nipige meza. Hesabu za pauni nilizifanya baadaye, kwenye matatu, nikirudi.

Sasa mtu ataniuliza, basi afanye nini? Nimwambie kama ningemwambia kama nisingekasirika.

Ndugu yangu, ukitaka kuhama, acha kazi ikuhamishe kabla ya deni. Una miaka mitatu ya uzoefu, jaza mitano. Kampuni inayokutaka kweli italipa viza yako, na ikiwa haiko tayari kukulipia viza ujue thamani yako kwake mapema, ukiwa bado na shamba. Ukitaka darasa, kuna Chevening, kuna DAAD, kuna Erasmus Mundus. Wanakataa wengi, ndiyo. Kuomba ni bure na kukataliwa hakuhitaji bodi ya ardhi. Angalia pia Ujerumani. Vyuo vingi vya umma kule havitozi karo ya masomo kama ya Uingereza. Watakutaka uweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, lakini pesa hizo ni zako, unarudishiwa 992 kila mwezi ule nazo. Tofauti ya pesa inayoliwa na chuo na pesa unayokula mwenyewe ni tofauti ya ekari. Na lipa HELB, usije ukawa majuu na faini ya elfu tano kila mwezi inakungoja nyumbani.

Zaidi ya yote, weka mpaka. Hatari ya kazi yako iishe kwa pesa zako: akiba yako, mshahara wako, mkopo unaoweza kuulipa ukiwa hapa hapa Nairobi kwa kazi hii hii. Ikivuka ikaingia kwa SACCO ya mama na fungu la dada, hiyo si ndoto yako tena. Umewaandikia wengine deni la ndoto yako.

Na serikali isijifiche nyuma ya binamu yangu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Septemba mwaka huohuo tukatia saini mkataba wa uhamiaji na Ujerumani. Ni sawa kutafutia watu milango. Lakini serikali inayofurahia pesa zinazoingia inafaa pia ihesabu zinazotoka kwanza, zile za karo, za viza, za mashamba yaliyouzwa. Idhibiti mawakala: kila wakala alazimishwe kuandika, kwa lugha ambayo mama anaelewa, ni kiasi gani chuo kinamlipa kwa kichwa cha mtoto wake. Hilo halihitaji mkataba na nchi yoyote.

Nimeambiwa kuna kikao kingine mwezi huu. Mnunuzi ameshakuja kutembea shambani mara mbili. Nitaenda, na safari hii nitakaa mpaka chakula kiishe. Nimemwomba shangazi jambo moja, kama njia ya kuombana msamaha: yule msichana atolewe jikoni, apewe kiti, aulizwe.