Diski Ipi Imfaayo Askari?

Askari hana makao ya kudumu. Leo yuko mpakani, kesho amri ya uhamisho yafika, na vyombo vyake vyote, pamoja na kompyuta ya nyumbani, vyapakiwa juu ya lori. Ndani ya kompyuta hiyo mna picha za watoto na nakala za vyeti. Hivyo twaona yafaa kuuliza: ni diski ipi itakayovifikisha salama?

Diski ya sahani, ambayo wauzaji huiita HDD, ilianza mwaka 1956 katika kampuni ya IBM huko Marekani. Katika zile za nyumbani, sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake pasipo kuzigusa. Ikipigwa kishindo ilhali inafanya kazi, kichwa huweza kukwaruza sahani, na yaliyoandikwa hapo yakapotea.

Diski ya chipu, yaani SSD, haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi kwa chaji ya umeme, nayo hustahimili mtikisiko. Tena ni nyepesi wa kazi: HDD husoma megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, ambapo SSD ya kawaida ya SATA hufikia 500 hivi, na zile za NVMe maelfu.

Je, HDD itupwe? La, hasha. Kwa fedha ileile hubeba mengi zaidi. Aidha, chaji ya SSD hufifia polepole ikikaa muda mrefu bila umeme, hasa penye joto na ikiwa imekwisha kutumika sana. Mwenye kwenda lindo la mbali kwa miezi mingi, akaifungia sandukuni, asiiamini peke yake.

Rai yetu ni hii: SSD iwe ndani ya kompyuta kwa kazi za kila siku, nakala ya pili iwe katika HDD ya nje, izimwe kabla ya safari, ifungwe vyema, wala isisafiri katika sanduku moja na kompyuta. Kama silaha inavyokaguliwa, nakala nazo zifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya diski huoza, isipokuwa ile iliyowekwa mahali pawili.