Kitabu Kisichotimiza Kurasa

Huku Goba, kata iliyokuwa ya Kinondoni na sasa ni ya Ubungo, tuko wasomaji wapatao 20 tulioingia katika shindano la kusoma vitabu 12 kwa mwaka, kila mmoja akiwapendekezea wenziwe vile avipendavyo. Shindano lenyewe ni jambo jema, na atakayedai kwamba nalipiga vita atakuwa amenizulia. Nimewaona vijana wakisoma ndani ya daladala, wamesimama, mkono mmoja umeshika bomba na wa pili umeshika riwaya. Ugomvi wangu ni na kanuni moja iliyopitishwa bila ya mjadala: kitabu kisichofika kurasa 150 hakihesabiwi.

Nilipendekeza Utendi wa Mwana Kupona. Nikajibiwa, kwa adabu kamili, kwamba hicho ni kijitabu.

Kijitabu! Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa alipoutunga utendi ule mwaka 1858, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Beti zake ni 102. Msomaji mwenye haraka atazimaliza kabla chai haijapoa, kisha aulizwe kilichomo ababaike. Lakini mabibi wa Lamu na Pate waliuhifadhi moyoni, wakaunakili kwa hati za Kiarabu, wakawarithisha binti zao. Kwa hesabu ya shindano letu, mabibi hao hawakusoma hata kitabu kimoja. Wako wanaoupinga utendi huo kwa jinsi unavyomtaka mke amtii mumewe. Na waupinge, ni haki yao. Ila waupinge wakiwa wameusoma.

Nimezipitia orodha za wenzangu. Zimejaa vitabu vya kutajirika, vingi vyao vya Kimarekani, ambamo mwandishi husema neno moja katika sura ya kwanza na kulirudia katika sura tisa zilizobaki. Kurasa zinatimia, bila ya shaka.

Haki isemwe: orodha kadhaa zimemtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, na ikangoja hadi 2022 ndipo ikasomeka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi. Katika orodha zote hizo sikuliona jina la Ida Hadjivayanis, aliyeifasiri. Wenzangu wameisoma kazi yake neno kwa neno na hawamjui. Nami ni mfasiri, kwa hiyo hilo limenichoma zaidi ya inavyopasa, pengine.

Mwaka huohuo wa 1994 kilichapishwa kitabu kingine cha mtu wa visiwa hivyohivyo: Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji wa Tumbatu. Yeye hakupita katika skuli za serikali. Chuo chake kilikuwa cha Kurani, na baada ya hapo bahari. Alifariki mwaka 2021. Hakuna hata orodha moja iliyomtaja. Nilipouliza sababu, dada mmoja akanambia, “Mwalimu, mashairi hayasomwi kama kitabu.” Amesema kweli, na kwa kweli hiyohiyo ndipo kanuni yetu inapobomoka. Shairi halisomwi kama kitabu cha kutajirika. Mimi sikusomea fasihi mahali popote. Arudhi nimejifunza kwa kunakili tungo za wakubwa katika daftari, nikihesabu mizani kwa vidole, na kazi ya kufasiri imenionyesha kwamba ubeti mmoja unaweza kuimaliza jioni nzima na usikubali. Mistari minne, na taa imezimwa, na kina cha kati bado kinanikataa. Karani wa shindano ataiandika wapi jioni hiyo?

Na kama wingi wa kurasa ndio uzito, basi waliomfunga Abdilatif Abdalla walikuwa wapumbavu, maana Kenya: Twendapi? ya mwaka 1968 ilikuwa waraka mfupi tu. Ulimgharimu miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Huko gerezani alitunga na kuandika kwenye karatasi za chooni, nazo ndizo zilizotoka mwaka 1973 kuwa Sauti ya Dhiki. Mtu aliyeandika hivyo, sisi tuliokaa kitako barazani kwa raha zetu tunamuuliza ametimiza kurasa ngapi?

Nimeomba kanuni ifutwe, na badala yake atakayependekeza diwani asimame mbele yetu aghani walau shairi moja, na aliyeipokea aghani jingine mwezi unaofuata. Tutamjua aliyesoma kwa sauti yake. Jibu bado sijalipata.

Orodha yangu ya mwaka huu nimeshaikabidhi. Ina vitabu vitatu: Utendi wa Mwana Kupona, Sauti ya Dhiki na Kimbunga. Karani ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, “pungufu tisa”. Nakala yangu ya Kimbunga, hata hivyo, iko kwa kijana mmoja wa Kinzudi tangu Ramadhani, na kila nikimkumbusha ananiomba wiki moja zaidi.